Barua kwa mabinti zangu mnaolea mtoto wa kwanza

Wanangu,

Nawaandikia mimi mkunga mstaafu. Siku hizi kila nikienda kumwona mzazi namkuta anajishtaki. Maziwa hayatoshi. Kajifungua kwa upasuaji, na wifi yake kamwambia aliyepasuliwa hajazaa. Mtoto wa jirani katembea na miezi 9, wake ana 13 bado anashikilia kochi. Mkononi ana simu, anatazama picha za mama mwenzake aliyependeza, nyumba inang'aa, na yeye hajaoga tangu jana.

Aliyepasuliwa amezaa, tena kwa kidonda. Na hilo la kutembea, Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo yake mwaka 2006, baada ya kufuatilia watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani: mtoto mwenye afya huanza kutembea mwenyewe popote kati ya miezi 8 na karibu 18. Basi mwacheni ashikilie kochi lake.

Sisemi mpuuze ya kliniki. Chanjo ni chanjo, na kumnyonyesha maziwa yako pekee miezi 6 ni jema sana ukiweza. Lakini mtoto hahitaji mama asiye na kasoro. Daktari wa watoto wa Uingereza, Donald Winnicott, aliandika mwaka 1953 kwamba mama anayetosha huanza kwa kumwitikia mwanawe karibu kila mara, kisha hupunguza kidogo kidogo kadiri mtoto anavyoweza kustahimili. Hapo ndipo mtoto anapojifunza kungoja. Akilia kidogo wakati unamalizia uji wako, hujamkosea.

Linaloniuma zaidi ni upweke wenu. Huku pwani mzazi alikaa ndani arobaini nzima. Alikandwa kwa maji ya moto, akafungwa tumbo kwa kanga, akapikiwa uji wa pilipili manga. Uchagani aliletewa mtori. Mtoto akilia usiku, bibi yupo. Leo uko kwenye chumba cha kupanga, mama yako yuko mkoani, mumeo anarudi usiku. Sheria ya Tanzania inakupa siku 84 za likizo ya uzazi, 100 ukizaa pacha, kisha unarudi kazini maziwa yanalowesha blauzi. Kazi ya nyumba nzima umeachiwa peke yako, halafu unajiona wewe ndiye mpungufu! Hapana, mwanangu.

Ombeni msaada, tena kwa kutaja kazi yenyewe. Mgeni akija kumwona mtoto, mwambie akuoshee vyombo. Mama mkwe ambebe mjukuu wake wewe ulale. Baba naye amwogeshe mwanawe. Atajifunza kama wewe ulivyojifunza.

Kuna jambo moja ambalo si la kuvumilia. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mwanamke 1 kati ya 5 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona, yaani majonzi mazito yasiyoisha. Ikiwa majonzi yamepita wiki mbili, au usingizi haukujii hata mtoto akilala, nenda kituo cha afya, usingoje siku ya kupima uzito. Na likikujia wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, usibaki peke yako hata kidogo: mwite mtu, mwende leo hii. Ukifika mwambie nesi yote, bila kuficha.

Bibi yenu,
Tanga