Jina liko bure mtandaoni, sa unatudai hela ya nini?

Kazi yangu ni kuwatafutia watu mababu zao kwenye mafaili ya zamani ya jeshi la Marekani, na hilo ndo swali naloulizwa. Juzi kaka mmoja kanipigia kafoka kweli, eti nimemwibia. Mkewe ni Mmarekani mweusi, na kwao wanaamini baba wa bibi yao alipigana ile vita ya Marekani ya wenyewe kwa wenyewe, 1861 mpaka 1865. Walishamwona kwenye databesi ya bure mtandaoni ya idara ya hifadhi za taifa za Marekani (National Park Service), wakaprinti, wakaweka fremu ukutani, mimi nikaitwa nithibitishe tu. Nikakaa na mafaili siku mbili nikarudi na jibu kwamba siye. Huyo wa kwenye fremu alifia hospitali ya jeshi 1864, na bibi yao kazaliwa 1871. Piga hesabu mwenyewe. Sa hapo ndo akaona kapigwa, yaani alipe halafu aambiwe hapana.

Jamani, ile databesi inakupa jina, kikosi na cheo, basi. Weusi walioingia jeshi la Muungano, yaani upande wa Kaskazini, walikuwa kama 179,000, majina yanafanana rundo, tena wengine waliandikishwa kwa jina la ukoo la bwana aliyewamiliki, vita ikiisha mtu kachukua jina lake analolitaka.

Halafu kuna wanaoagiza faili la utumishi wa askari jeshini peke yake kwa sababu ni rahisi. Lile mara nyingi ni kadi kadi tu, mwezi huu yupo, mwezi ule mgonjwa, mke na watoto huwaoni. Utamu uko kwenye faili la pensheni, yale malipo ya serikali kwa askari au mjane wake. Mjane aliyeolewa utumwani hana cheti, maana ndoa zao sheria haikuzitambua, kwa hiyo alitakiwa alete mashahidi, utakuta jirani, mkunga, mtu waliyelima naye shamba moja, wote wanasimulia nani kazaa na nani, na chini ya karatasi alama ya X badala ya saini. Mwandiko wenyewe sasa, macho yanauma!

Ila sidharau zile kadi. Dada mmoja Mkenya, mumewe wa huku Marekani, tulimpata babu wa huyo mume kwenye kikosi cha 4 cha askari weusi kilichoundwa Baltimore 1863, kwa jina jingine kabisa, tulimjua kupitia pensheni iliyoandika majina yote mawili. Kurudi kwenye utumishi, katikati ya kadi kuna karatasi ya aliyemmiliki anaidai serikali fidia, dola 300, kwa sababu mtu wake kaenda jeshini. Shemeji kaisoma mara mbili akaomba maji.

Kwa hiyo bei yangu ni ya masaa, napata nisipate. Na sikufichi, kufungua mafaili pale National Archives Washington, zinapotunzwa nyaraka za serikali, ni bure, chukua kadi ya mtafiti uende na simu yako upige picha. Ila ukishalipia kopi za babu wa watu wengine usiniletee nikupunguzie, hapo naanza moja.