Kabla ya kuandika kuwa mtu alikufa akarudi

Mhariri,

Habari za watu "waliokufa wakarudi" zinauza gazeti, hilo halina ubishi. Msomaji huelezwa kwamba fulani alikata roho, akapita njia ya giza, akauona mwanga, akakutana na marehemu bibi yake akaambiwa siku yake bado. Asichoelezwa ni kama moyo ulisimama kweli, ulisimama dakika ngapi, mgonjwa alikuwa amepewa dawa gani, na nani alikuwa wa kwanza kumuuliza.

Moyo ukisimama, mtu hupoteza fahamu ndani ya sekunde 10 hadi 20, na umeme wa ubongo unaosomwa kwenye mashine hufifia karibu muda huohuo. Zikipita dakika 4 hadi 6 bila damu, ubongo huanza kuharibika. Kwa hiyo mtu "aliyekufa saa tatu nzima" nyumbani, bila kukandwa kifua, kisha akaamka anazungumza vizuri, kwa kawaida moyo wake haukusimama. Alizimia, au sukari ilishuka, au ni malaria kali, au kifafa cha mimba. Hali hizo nazo huleta maono, na yanastahili kusikilizwa, ila kichwa cha habari kisiseme alikufa.

Hata pale moyo uliposimama kweli, saa ya maono ni ngumu kuithibitisha. Kifua kikikandwa sawasawa, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, damu inayozunguka hufika robo hadi theluthi ya kawaida. Wapo wagonjwa wanaofumbua macho na kusukuma mikono ya anayewakanda. Maono yanaweza kuwa ya wakati huo, au ya sekunde za mwisho kabla ya kuzimia, au ya wakati fahamu zinarudi.

Utafiti upo, na hauegemei upande mmoja kirahisi. Mwaka 2001 daktari wa moyo Pim van Lommel na wenzake wa Uholanzi walichapisha taarifa ya wagonjwa 344 waliohuishwa katika hospitali 10: waliokumbuka kitu cha aina hii walikuwa 62, yaani asilimia 18. Muda ambao moyo ulisimama haukuwatenganisha waliokumbuka na wasiokumbuka. Wanaosema "ni ukosefu wa oksijeni tu" wana la kujibu hapo. Baadaye daktari Sam Parnia alifunga rafu karibu na dari za wodi, juu yake zikiwa na picha zinazoonekana kutokea juu tu, ili wanaosema walitoka mwilini wakaelea juu wapimwe. Matokeo ya 2014 yalihusu matukio 2,060 ya moyo kusimama, lakini asilimia 22 tu ndiyo yaliyotokea penye rafu, na wagonjwa wawili waliosimulia kuona au kusikia waliyofanyiwa hawakuwa miongoni mwao. Katika awamu ya pili, iliyotoka 2023, walionusurika na kuhojiwa walikuwa 28; hakuna aliyeitambua picha.

Huku kwetu kuna jambo ambalo magazeti hayaligusi kabisa: ketamini. Dawa hii ya usingizi hutumika sana kwa sababu haidhoofishi pumzi kama nyingine na haihitaji mashine kubwa. Miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito, kwa njia ya mshipa, zinatosha kumlaza mgonjwa kwa upasuaji mfupi. Baadhi ya wanaozinduka kutoka usingizi wake husimulia kutoka nje ya mwili, handaki na mwanga, hata kama moyo haukutetereka hata kidogo. Mama aliyejifungua kwa upasuaji akija na ushuhuda wa namna hiyo, mwandishi aombe ruhusa yake na kuuliza iliyoandikwa kwenye karatasi ya dawa ya usingizi.

Namna ya kuuliza ndiyo inayoharibu mengi. Subirini mgonjwa ajue jina lake, mahali alipo na siku ya leo, kisha aulizwe mapema, peke yake, kabla ndugu na mchungaji au shehe hawajaketi kitandani. Swali liwe moja: "Unakumbuka nini tangu ulipozimia mpaka ulipoamka?" Halafu nyamazeni. Ukitaja mwanga, utaletewa mwanga. Andikeni kwa lugha anayosemea, kama ni Kisukuma basi Kisukuma. Akidai aliona mkasi ukianguka, andikeni kabla hajaonana na muuguzi aliyekuwapo, na mkumbuke kwamba sauti ya mkasi pia husikika. Kipimo cha maono ya waliokaribia kufa, kilichotungwa na daktari wa akili Bruce Greyson mwaka 1983, chenye maswali 16 ya alama 0 hadi 2, kije mwishoni, maana maswali yake yenyewe yanataja mwanga. Alama 7 na zaidi ndizo zinazohesabiwa kuwa maono ya aina hii.

Kuhusu maana, tahadhari. Watafiti Pasricha na Stevenson walikusanya visa 16 vya India mwaka 1986: wengi walichukuliwa na wajumbe hadi mbele ya karani mwenye daftari, ikaonekana amekosewa mtu, wakarudishwa. Kila mmoja huona kwa macho ya malezi yake, na kwa hiyo ushuhuda mmoja hauthibitishi dhehebu moja. Wala mashine haitoshi kusema hakuna kitu. Mwaka 2023 mtafiti wa ubongo Jimo Borjigin alionyesha umeme wa ubongo ukipanda kwa wagonjwa wawili kati ya wanne waliokuwa wakifariki. Walifariki kweli, hakuna wa kuwauliza waliona nini.

Si maono yote ni ya amani. Mgonjwa aliyeona moto asiambiwe ni hukumu ya dhambi zake. Mwacheni aseme, na asipolala usiku apelekwe kwa mshauri. Akitaja majina ya majirani aliowaona humo, majina hayo yasichapishwe. Familia zao zinanunua gazeti hilihili, na shutuma za uchawi zimeshawahi kuanza kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Muuguzi, wodi ya wagonjwa mahututi
Dar es Salaam