Njoo Jumamosi moja, kuna kijana nataka umuone

Mama mapacha, kamwene!

Najua nimekaa kimya tangu Pasaka, nisamehe mwaya. Huku baridi imeshaanza kung'ata, simu yangu nayo ndo ile ile sauti inakatika, afu ninachotaka kukuambia hakitoshi kwenye vocha ya dakika tano. Mapacha wazima? Mguu wa mama unaendeleaje tangu arudi Makete? Sisi wazima. Ule mchele wa Kyela nimekuwekea debe moja, uko chini ya kitanda, hakuna wa kuugusa.

Sasa sikia. Nilikuambia kwamba tunakaa na watoto wageni baada ya shule, pale ukumbi wa kanisa nyuma ya soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya. Saivi wamefika tisa, wanne wa Kongo, watatu wa Zambia na mabinti wawili wa Karonga, Malawi. Tunaanza saa tisa na nusu mpaka kumi na moja, madaftari kwanza afu maongezi, na kila mtoto ana mkubwa wake mmoja, awe mwanachuo au mama wa kanisani, yule wa kumuuliza leo umekula nini, nani kakuudhi, mbona umenuna. Wale wa Karonga wala hawasumbui, Kingonde chao na Kinyakyusa ni pua na mdomo, wiki ya kwanza tu bibi mmoja wa Tukuyu alishawafanya wajukuu zake. Anayeninyima usingizi ni yule kijana wa Kitwe, Zambia.

Ana miaka 15. Baba yake mtu wa huku huku, alienda Copperbelt, kule kwenye migodi ya shaba, kutafuta kazi akaoa hukohuko, mwaka jana kafariki, mama akamleta kijana kwa shangazi yake Ilomba asome. Kwa hiyo jina la ukoo la hapa, sura ya hapa, watu wakimuona wanamshushia Kiswahili moja kwa moja, akinyamaza wanasema anaringa. Kwao alikuwa gredi ya 8, yaani sawa na form wani yetu. Alivyofika akaambiwa aje kesho yake saa mbili kamili apimwe wamjue wa darasa gani. Mwenzangu, kijana katokea saa nane mchana! Shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Si kwao saa mbili ya mchana ndo hiyo, sasa yeye angejuaje? Hakuna aliyemweleza, shangazi mtu alikuwa sokoni. Wakasema mtihani umeshapita, Kiswahili chenyewe hajui, wakamweka darasa la sita.

La sita, mama mapacha. Anakaa na watoto wa miaka kumi na moja, magoti hayaingii chini ya dawati.

Siku moja akanionyesha daftari la sayansi. Swali, eleza usanisinuru. Kachora jani na mishipa yake yote, jua pembeni, maji yanapanda toka kwenye mizizi, mshale wa kabonidayoksaidi unaingia, wa oksijeni unatoka, na maelezo kayapanga vizuri kabisa kwa Kiingereza. Sifuri, ya wino mwekundu. Anajua kila kitu isipokuwa hilo neno usanisinuru! Afu akishafika form wani masomo karibu yote yanageuka Kiingereza, wenzake ndo wataanza kutoa macho, na yeye atakuwa amesubiri miaka miwili kwa ajili ya saa. Mwalimu simlaumu sana, darasa limejaa na kasahihisha alivyoelekezwa, ila kweli hata kumuuliza tu we mtoto hapa ulitaka kusema nini?

Kwetu ukumbini alishaanza kuchangamka. Saa tulimchorea ubaoni, jua likitoka ndo saa moja, kaelewa mara moja. Shikamoo pia kaijua, maana mwanzoni alikuwa anawaamkia wazee "mambo" kama alivyosikia kwa vijana wa bajaji, wazee wakaona dharau, kumbe kwao mtoto wa watu amelelewa kuchuchumaa na kupiga makofi mbele ya mkubwa.

Sasa wiki ya tatu haji. Yule mwanachuo wake mitihani ilimbana akaacha kuja bila kuaga, kijana akakaa pale siku mbili na daftari lake mapajani anaangalia mlango, siku ya tatu hakutokea. Hilo kosa ni letu. Tulitakiwa kumwambia, au mmoja wetu akae naye, yaani mtoto ametoka kuzika baba na sisi tena…

Jumapili nikamkuta Iyunga, kakaa karibu na reli ya TAZARA. Nikamuuliza unafanya nini huku? Akasema, "Hii inafika Kapiri Mposhi, mukwai." Yaani kule kwao Zambia. Basi. Nikakaa naye tu pale mpaka jua likaanza kushuka.

Ndo nikakukumbuka wewe ulivyokuja toka Lubumbashi kule Kongo, ukakaa dawati langu, siku ile ukasema "batoto" darasa zima likacheka, na mimi nikacheka. Ukanyamaza karibu muhula mzima. Nikajua we ni mpole tu. Tumekula makande sahani moja miaka yote hii, harusi yako nimeisimamia, na sijawahi kukuuliza ile miezi ilikuwaje. Nisamehe kwa hilo.

Njoo Jumamosi moja tu uongee naye. Mimi nitamwambia nini, sijawahi kuhama hata mkoa. Ukipanda basi la asubuhi mchana uko Uyole, nauli juu yangu.

Na kabla hujaja nijibu haya. Ni nini kilikufanya uanze kuongea tena, ni mtu au siku zilipita tu? Ulikuwa unataka tukuulize habari za kwenu au tukuache? Nimfuate nyumbani kwa shangazi yake au nitamtia aibu? Yule mwanachuo akimaliza mitihani nimrudishe, au kijana ataona tunamchezea? Na wewe, ulinikasirikia?

Jibu hata usiku wa manane, nitakuwa macho.

Ni mimi wa dawati lako.