Majalala ya kale yapo na huku Ziwani

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu enzi lilipokuwa likifika Mwanza jioni, na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Ni ile habari yenu ya watafiti kuchimba mashimo ya taka ya mji wa kale huko Pwani, ile iliyokuwa na picha ya binti akichekecha udongo. Habari yenyewe ni njema na waliofanya kazi ile nawapongeza. Kilichonichoma ni aya ya mwisho, pale mwandishi wenu alipoandika kwamba Pwani ndiko kwenye historia ya kuchimbwa ardhini, na kwamba ya bara ni ya masimulizi ya wazee tu.

Mimi kazi yangu ilikuwa kuchimba. Miaka thelathini na moja nimechimba vyoo, karo za maji machafu na visima kuanzia Kayenze mpaka Nyegezi, na nimevuka maji kwenda Ukerewe na Sengerema kila nilipoitwa. Ardhi ya huku naijua kwa mikono. Anayesema haina kitu hajawahi kushika sululu kandokando ya ziwa hili la Victoria.

Sibishani na Pwani. Nani asiyejua habari za Kilwa, ambako msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331? Lakini hata huko, mambo makubwa ya siku hizi hayatoki kwenye kuta za misikiti na majumba, yanatoka jalalani. Watafiti wanachukua udongo wa taka, wanaumimina kwenye maji, mbegu zilizoungua zinaelea juu na wao wanazikinga kwa chujio. Mwaka 2016 walitangaza walichopata katika maeneo 18 ya kale ya Kenya, Tanzania, Komoro na Madagaska. Pamoja na mtama na uwele wetu wamo mpunga, choroko na pamba ya Asia, vitu vilivyovuka bahari kuja kwetu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Punje nyeusi ndogo, iliyomwagika jikoni kwa mtu ikatupwa na majivu, imeeleza safari ambayo hakuna aliyeiandika.

Mpunga na choroko, Mhariri! Mkulima wa Magu na Kwimba anasomesha watoto kwa mazao hayo. Yalifikaje huku kutoka Pwani, kwa njia ipi, mikononi mwa nani, zama zipi? Kuta za Kilwa haziwezi kujibu swali hilo. Linajibiwa na jalala la bibi mmoja wa huku Ziwani aliyeunguza chungu akakikung'uta nyuma ya nyumba. Na jalala hilo ndilo tunalolichota kwa chepe na kulipakia kwenye tipa.

Nieleze nilichokiona kwa macho yangu. Mwaka 2013, mwezi wa nane, nilipewa kazi ya karo kwenye kiwanja kimoja upande wa Igombe, mwendo wa dakika tano kutoka majini. Juu palikuwa na changarawe ya kawaida. Tulipofika kimo cha kifua udongo ukabadilika ghafla, ukawa mweusi, laini, unashika mikono kama masizi ya sufuria. Kijana niliyekuwa naye akasema ni choo cha zamani, akataka kutoka shimoni. Nikamwambia choo hakina majivu. Nikaweka sululu pembeni, nikaanza kutoa kwa mkono. Vikaja vigae, ikaja mifupa ya samaki imelaliana kama kurasa za kitabu. Mfupa wa kichwa cha kambare niliujua papo hapo, maana unakwaruza kidole kama msasa. Lakini wa sangara sikuuona hata mmoja, na sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950, kwa hiyo nikajua mlo ule ni wa kabla yake. Kisha nikatoa kitako cha chungu, upana wa kiganja. Chini yake, katikati kabisa, pamebonyezwa. Nilitia kidole gumba kikaingia sawasawa, na kwenye ukingo wa kile kibonyeo kuna alama ndogo ya ukucha. Marehemu mama yangu alikuwa mfinyanzi, nimekulia katikati ya vyungu vyake, na hakuna hata kimoja kilichobonyezwa hivyo. Nilisimama mle shimoni nimekishika, sikuweza kuendelea.

Kesho yake nikafunga vipande kwenye kiroba, nikapanda daladala mpaka ofisi moja mjini ambayo naamini ilipaswa kuhusika. Nilikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi mpaka saa saba. Aliyenipokea alifungua kiroba, akaniuliza kama kuna dhahabu. Nikasema hakuna. Akaniambia, "Mzee, hivi ni vigae, rudi ukamalizie kazi ya watu." Hakuandika jina langu. Hakuuliza ni kiwanja gani. Hakuuliza ni kina gani. Nilikwenda na historia ya mkoa mzima kwenye kiroba, nikarudi nayo vilevile, na nauli nimelipa mimi. Niliporudi Igombe nikakuta mwenye kiwanja ameshaleta kijiko, kimechimba msingi kwa kupitia palepale, na ule udongo mweusi wote umeondoka tripu tatu za tipa kwenda kufukia msingi wa fremu za maduka. Mifupa, makaa, mbegu kama zilikuwamo, vyote viko chini ya zege. Niliyeokoa ni mimi, na nilichookoa ni vile vigae vya kirobani na kitako kimoja cha chungu.

Baadaye kijana mmoja wa chuo kikuu, mtoto wa jirani, alikuja kukiangalia. Akaniambia vyungu vya namna hiyo vinaitwa vya Urewe, kwa jina la mahali palipo Siaya, Kenya, na kwamba vya mwisho vyake vina umri wa miaka zaidi ya elfu moja, vya mwanzo zaidi ya elfu mbili. Akanieleza habari za Katuruka kule Kagera, ambako mtaalamu wa akiolojia Peter Schmidt alichimba akakuta mabaki ya tanuri za chuma za wahenga wa Wahaya, kazi ya takribani miaka elfu mbili iliyopita. Akanieleza pia kwamba kwenye Ghuba ya Winam, upande wa Kenya wa ziwa hili, yapo majalala ya makombe, yaani magamba ya viumbe wa majini, ya wavuvi wa kale kabisa, na kwamba mkoa wetu wenyewe uliwahi kufanyiwa utafiti na wanaakiolojia Soper na Golden, ukachapishwa mwaka 1969, wakachunguza hadi mapango ya mawe ya Nyang'oma na Chole. Mwaka 1969, Mhariri! Halafu mwandishi wenu anatuambia leo kwamba bara ni masimulizi.

Kijana huyohuyo ndiye aliyenionyesha sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda kazi za mikono ya watu za kabla ya mwaka 1863, na inapoorodhesha majengo, ngome na makaburi, majalala nayo yametajwa. Jalala limeandikwa kwenye sheria ya nchi! Na anayegundua kitu cha namna hiyo anatakiwa kutoa taarifa. Mimi nilitoa. Aliyepaswa kuipokea hakujua kwamba anatakiwa kuipokea.

Na kwa kuwa nimeanza, niseme na hili la mali ya Mjerumani, hazina inayodaiwa kuzikwa na wakoloni wa Kijerumani, maana ni ndugu wa jambo hilohilo. Vijana wanakuja usiku na mashine za kutambua chuma, wana mganga, wana mbuzi, wanachimba chini ya majabali na kwenye mapango wakitafuta masanduku ya rupia ambayo sijaona mtu hata mmoja aliyeyapata. Nimeitwa mara mbili kuwachimbia, nikakataa mara zote mbili. Wakikuta vigae wanavirusha. Wakikuta mifupa wanaogopa, wanafukia hovyo, wanahamia jabali la pili. Asubuhi ukipita unakuta matabaka ya miaka elfu yamepinduliwa, ya juu yamekuwa chini na ya chini yamekuwa juu, na hapo hata aje profesa gani hawezi tena kusema kipi kilitangulia. Nanyi wa magazeti mkiandika habari zao mnaziandika kama kichekesho, wasomaji wanacheka, na wiki inayofuata wanajitokeza wengine kumi kwenda kuchimba. Kinachoharibiwa pale ni mali ya wajukuu zetu, na sijaona gazeti lolote lililoandika hivyo. Nimezeeka nikiwasubiri mwandike, na nimechoka kusubiri.

Sitaki niishie kulalamika. Karatasi ya kibali cha ujenzi, kwa kiwanja chochote kilicho ndani ya hatua mia tano kutoka majini, iongezwe mstari mmoja: ukikuta majivu pamoja na vigae, simamisha kazi siku tatu na utoe taarifa. Sisi wachimbaji wa vyoo na karo tuitwe siku moja tu, hata pale Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho aliyoyaanzisha Padre David Clement, tuonyeshwe kigae cha kale kikoje na cha juzi kikoje. Tunashinda mashimoni kila siku ya Mungu, tunaona kabla ya mtu mwingine yeyote. Na kila ofisi ya serikali ya mtaa ya kandokando ya ziwa iwekewe kreti moja la soda. Kreti lina vyumba ishirini na vinne. Kila shimo lipewe chumba chake, kigae kikiwekwa kiwe na kikaratasi cha mahali, kina na tarehe. Likijaa, mtu wa Mambo ya Kale aje alichukue, aache jingine tupu. Kreti nitatoa mimi la kwanza.

Kile kitako cha chungu kipo kwangu, nimekifunga kwenye kanga ya marehemu mama. Kikaratasi nimeshakiandika: Igombe, futi nne na nusu, Agosti 2013. Mwandishi wenu akitaka kukiona aje, nitampa atie kidole gumba mwenyewe.

Mchimba visima mstaafu,
Ilemela, Mwanza