Mtoto hazami tumboni

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Uliniuliza mtoto anakaaje miezi yote ile ndani ya maji asizame. Jibu la haraka, kwamba anapumua kwa kitovu, ni la kweli ila limeacha uhondo wote nje.

Oksijeni anaipata kwenye kondo la nyuma, inamfikia kwa kiungamwana, ule ukamba wa kitovu. Mapafu yamejaa maji, tena maji yanayotolewa na mapafu yenyewe, kwa hiyo damu nyingi haina shughuli huko. Inakatiza: kuna tundu kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo, na kuna mshipa mfupi unaoitoa damu kwenye njia ya mapafu na kuipeleka mwilini. Daktari Mwingereza William Harvey alishaziandika njia hizo mwaka 1628.

Kilichonishangaza mimi ni kazi ya Geoffrey Dawes na wenzake kule Oxford. Mwaka 1972 walionyesha kwamba mwanakondoo aliye tumboni hufanya mwendo wa kupumua, hasa akiwa kwenye ule usingizi wa macho kuchezacheza. Hewa hamna, lakini kifua kinafanya kazi, na mwendo huo ukikosekana mapafu hayakui vizuri. Halafu oksijeni ikipungua, huacha! Wewe na mimi tungetweta. Yeye kutweta kungemchosha bure, maana oksijeni haiji kwa njia hiyo.

Akizaliwa, hewa inapoingia ndipo mambo yanapogeuka. Mishipa ya mapafu inalegea, damu inamiminika humo, na inaporudi upande wa kushoto wa moyo inasukuma kile kitundu kijifunge kama mlango uliosukumwa na upepo. Ule mshipa mfupi nao hujibana ndani ya siku chache. (Kwa karibu robo ya watu wazima tundu halizibi kabisa, na wengi wao hawajui. Usianze kujishika kifua.)

Kwa watoto njiti, waliozaliwa kabla ya wakati, ndiko kwenye taabu. Mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead waligundua kwamba mapafu ya wengi waliokufa yalipungukiwa na ute wenye mafuta unaozuia vifuko vya hewa visigandamane. Miaka kumi baadaye Graham Liggins, huko Auckland, alikuwa akitafuta kitu tofauti kabisa, yaani nini kinachoanzisha uchungu wa kuzaa. Wanakondoo aliowapa dawa za steroidi wakiwa tumboni wakazaliwa mapema mno, na bado wakapumua, wakati ilitakiwa wafe. Mwaka 1972 yeye na Ross Howie walitoa matokeo ya majaribio ya dawa hizo kwa akina mama wenyewe. Ukimsikia mkunga akisema mama achomwe sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, ndiyo hiyo.

Lile swali lako la pili, la kukata kitovu mapema au kusubiri, nitaliandikia barua yake. Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
Mwanaidi