Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Marafiki wa Makanisa ya Parokia

Ndugu wanachama,

Mifereji ya paa imezibuliwa, nyasi za makaburini zimekatwa, chai ya mavuno imenyweka. Hayo mnayajua.

Lililozua maneno ni mnara. Nimelaumiwa kwamba nimebandua saruji ya mnara iliyokuwa nzima ili kuweka chokaa, na kumaliza akiba. Mnara wetu wa duara, kama mingine zaidi ya 120 hapa Norfolk, Uingereza, umejengwa kwa mawe ya gumegume. Gumegume halinywi maji. Unyevu ulioingia ukutani hauna pa kutokea ila kwenye viungo vya kati ya mawe. Chokaa huuachia ukakauka, saruji huufungia ndani. Baridi ikiugandisha, unatanuka na kusukuma jiwe nje. Nendeni upande wa kusini ambao haujaguswa, mgonge kwa kifundo cha kidole: panapolia kama mtungi mtupu, saruji imeshaachana na ukuta.

Fundi alichokoa viungo kwa nyundo na patasi, kwa sababu mashine ya kukatia huvunja kingo za mawe. Alikwenda kina cha milimita 25 au zaidi, akalowesha ukuta, akajaza chokaa ndoo 1 kwa mchanga mkali, yaani wa chembe zenye ncha, ndoo 2 na nusu, akafunika kwa magunia mabichi. Mnaouliza kwa nini kazi ilisimama Oktoba: chokaa haitaki baridi ya chini ya nyuzi 5 za Selsiasi. Ikipigwa na jalidi kabla ya kushika, inamomonyoka ikawa unga.

Kibali cha dayosisi nilikifuatilia mwenyewe, barua kwa barua. Tangazo lilikaa mlangoni siku 28 na hakuna aliyeweka pingamizi. Malalamiko yalikuja jukwaa la mafundi likiwa limeshasimama.

Jukwaa pauni 6,400, fundi na vifaa 9,150, akiba iliyobaki 1,280. Wanachama ni 46, waliolipa ada 19. Mkutano wa Septemba, ulioitishwa kuzungumzia mnara huuhuu, tulihudhuria 7. Inaniuma kusema, lakini wengi wa wanaolaumu hawakuwemo.

Mungu akipenda, upande wa kusini tutaugusa majira ya joto yajayo, kabla mkaguzi hajarudi kwa ukaguzi wake wa kila miaka 5. Tunatumaini pia kupata ufadhili mahali.

Daftari la ada liko kwa mweka hazina, meza ya karibu na mlango.