Kifyatuo chepesi hakimfai kila mtu

Mhariri,

Mwandishi wenu aliyesifu bastola zenye kifyatuo chepesi amesahau kuwa si sote tunaishia uwanja wa shabaha. Mimi ninayo Beretta 92. Risasi ya kwanza inataka mvuto wa karibu kilo 5, kwa kuwa kifyatuo chenyewe ndicho kinachoinua nyundo; zinazofuata, nyundo ikiwa tayari imeinuka, ni kama kilo 2 tu. Mwanzoni risasi ile ya kwanza ilinitia aibu. Kila mara ilikwenda chini kushoto (natumia mkono wa kulia), na wenzangu wakacheka. Nikaazima Glock ya rafiki, yenye mvuto uleule kuanzia risasi ya kwanza hadi ya mwisho, na matundu yakakusanyika. Bastola ya aina iitwayo 1911 ndiyo yenye kifyatuo kitamu kuliko zote, ila inataka ukumbuke kushusha kizuizi cha usalama kwa kidole gumba.

Hata hivyo, ya nyumbani nimebaki na Beretta yangu. Usiku, nikikurupuka usingizini huku mikono ikitetemeka, ule uzito wa mwanzo nautaka, nisije nikafyatua bila kukusudia. Nayo hukaa ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, nina wajukuu.

Mlenga shabaha mzee